Mashine za Uvunaji wa Misitu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia

Na Mwandishi Wetu

Mti wa msindano unaopandwa katika Nyanda za Juu Kusini husubiriwa takribani miaka 18 au zaidi kabla ya kuvunwa kwa ajili ya mbao. Kuuangusha huchukua dakika chache tu. Yanayofanyika katika dakika hizo, na katika saa zinazofuata hadi gogo lifike kwenye meza ya msumeno, ndiyo yanayoamua ni sehemu gani ya miaka hiyo itakuwa ubao na ni sehemu gani itabaki chini kama mabanzi na unga.

Kwa sababu hiyo mashine ya mvunaji si jambo la mwenye nayo peke yake. Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, lina eneo la zaidi ya hekta 130,000. Sehemu ya eneo hilo ni misitu ya kupandwa, na sehemu nyingine ni uoto wa asili unaohifadhi vyanzo vya maji, vikiwemo vya Mto Ruaha Mdogo. Shamba hilo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ulioanza kazi mwaka 2011. Pembeni yake, katika mikoa ya Iringa na Njombe, wapo maelfu ya wananchi wenye vitalu vyao wenyewe vya misindano na milingoti, wengine ekari mbili, wengine mia mbili. Wote hao hutegemea mnyororo mmoja wa zana: msumeno wa kuangushia, trekta la kuburutia, lori, na mashine ya kupasulia.

Tuanze na upasuaji, kwa kuwa hapo ndipo hasara ilipo kubwa na huonekana kwa macho. Mashine inayojulikana zaidi vijijini ni ile iitwayo dingdong: msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli, uliofungwa juu ya fremu ya chuma au ya mbao. Ni rahisi kununua, huhamishika kutoka kitalu hadi kitalu, na fundi wa kawaida wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Sifa hizo zisidharauliwe, kwani ndizo zilizowawezesha wananchi wengi wasio na mtaji kuingia katika biashara ya mbao. Lakini Serikali imekuwa ikiwahimiza wenye viwanda kuachana nazo, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo.

Kila msumeno unapopita ndani ya gogo hula mbao sawa na upana wa mkato wake. Tuchukue msumeno wa duara wenye mkato wa milimita 6 na msumeno mwembamba wa mkanda wenye mkato wa milimita 2. Gogo likipitishwa mara 10, wa kwanza umegeuza milimita 60 za mti kuwa unga, na wa pili milimita 20. Tofauti ni milimita 40, yaani unene unaozidi kidogo ubao mzima wa inchi moja na nusu. Ubao huo haukuibwa wala haukuoza. Umemwagika chini ya mashine. Na hapo bado hatujahesabu mbao zinazotoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili kwa sababu fremu inatikisika, ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam huzikataa au huzinunua kwa bei ya kutupa.

Mashine za msumeno wa mkanda zinazohamishika zimekuwepo duniani kwa miongo kadhaa. Wood-Mizer, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1982, ni miongoni mwa zilizozisambaza kwa wapasuaji wadogo. Hata hivyo, mkanda mwembamba unahitaji kunolewa na kukazwa kwa kipimo, na ukigonga mchanga au msumari huharibika upesi. Magogo yaliyoburutwa kwenye tope huwa yamebeba mchanga ndani ya gome. Mwenye kiwanda anayenunua mashine ya mkanda bila kununua kinoleo chake, na bila kubadili namna ya kuyaburuta magogo, atajikuta baada ya miezi michache amerudi kwenye dingdong, huku akiwaambia wenzake kwamba mashine za kisasa hazifai.

Kabla ya gogo kufika hapo, mti huangushwa. Katika nchi za Skandinavia kazi hiyo hufanywa na mashine moja yenye mkono mrefu, ambayo hushika mti, huukata, huupunguza matawi na kuugawa vipande kwa vipimo, huku dereva akiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mashine ya pili huvibeba vipande hivyo mgongoni hadi kando ya barabara bila kuviburuta. Ponsse ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1970, hutengeneza mashine za aina hiyo. John Deere ya Marekani iliingia kwa nguvu katika soko hilo iliponunua kampuni ya Timberjack mwaka 2000. Afrika Kusini, Bell Equipment ilijijengea jina kwa kipakizi cha magurudumu matatu kinachotumika katika mashamba ya miwa na ya miti.

Kwetu, msumeno wa mnyororo unaoshikwa mkononi ndio zana kuu. Stihl ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na Husqvarna ya Sweden ni majina yanayofahamika kwa wavunaji wengi, na kwa sababu hiyohiyo ni majina yanayoigizwa. Msumeno wa kuiga hauna hasara ya fedha tu. Msumeno halali una breki ya mnyororo inayousimamisha pale ncha ya upanga wake inapogonga kitu na kuurusha nyuma kuelekea uso wa mshikaji. Una kishikio kinachozuia mafuta kuongezwa kwa bahati mbaya, ndoano ya kunasa mnyororo ukikatika, na mipira ya kupunguza mtikisiko unaoharibu mishipa ya vidole kwa miaka. Katika msumeno bandia breki inaweza kuwepo kwa sura tu. Mnunuzi anaweza kuijaribu dukani kabla ya kutoa fedha: injini ikiwa imezimwa, asukume kinga ya mbele hadi iingie kwenye breki, kisha, akiwa amevaa glavu, ajaribu kuvuta mnyororo kwa mkono. Ukisogea, arudishe msumeno kwa muuzaji.

Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pia husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko yenye risiti na namba ya utambulisho wa mashine yana uzito kuliko maelezo ya mdomo. Wapo wanunuzi wanaokataa risiti ili wapunguziwe bei. Hao wamejinyima ushahidi wao wenyewe.

Kwa mitambo mikubwa, yaani matrekta ya kuburutia, vipakizi na vijiko, swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni bei. Swali hilo lingefaa kuwa la tatu. La kwanza ni kwamba mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, mtambo umenunuliwa kwa shilingi milioni 180 na baada ya miaka sita utauzika kwa shilingi milioni 60. Thamani iliyopotea ni milioni 120, sawa na milioni 20 kila mwaka. Ukifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, uchakavu pekee unagharimu shilingi 10,000 kwa saa. Ukifanya kazi saa 500, ni shilingi 40,000 kwa saa, kabla ya dizeli, dereva, matengenezo na riba. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara nyingi za misituni hazipitiki kwa miezi kadhaa. Anayepiga hesabu ya mkopo kwa miezi 12 ya kazi anajidanganya. Mvunaji mwenye vitalu vichache hupata nafuu zaidi kwa kukodi, au kwa kuungana na wenzake katika ushirika unaomiliki mtambo mmoja.

Swali la pili ni vipuri. Kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga ni zaidi ya kilomita 550. Kipuri kilichopo kwenye ghala la wakala Dar es Salaam kinaweza kufika kwa basi la usiku. Kile kinachoagizwa ng'ambo kinaweza kuchukua wiki au miezi, na katika muda huo dereva analipwa, marejesho ya benki yanadaiwa, na magogo yaliyokwisha kuangushwa yanaanza kushambuliwa na kuvu wa rangi ya bluu, ugonjwa unaoipata misindano upesi. Kwa hiyo, mnunuzi amtake muuzaji aoneshe kwa maandishi ni vipuri gani anavyo nchini, nani fundi wake aliye karibu, na dhamana inahesabiwa kwa miezi au kwa saa za injini. Wakala aliyeidhinishwa na mtengenezaji huwa na barua ya uwakala. Hakuna ubaya wowote kuomba kuiona.

Mitambo iliyotumika ina soko kubwa, na si yote ni mibovu. Saa zinazoonekana kwenye kipimo zilinganishwe na hali ya vitu visivyodanganya kirahisi: pedali zilivyolika, pini za mkono wa mtambo zinavyocheza, uvujaji kwenye mabomba ya haidroliki, na alama za kuchomelea kwenye fremu, hasa kwenye kiungo cha katikati kwa matrekta yanayojikunja. Rangi mpya juu ya kiungo hicho ni sababu ya kuchunguza zaidi.

Jambo moja hupitwa mara nyingi. Trekta la shamba na kijiko cha ujenzi havikutengenezwa kwa ajili ya msitu. Mtambo wa misitu una chumba cha dereva kilichoimarishwa dhidi ya mambo matatu: kupinduka, kuangukiwa na tawi au gogo, na kuchomwa na fito zinazopenya kutoka pembeni. Trekta la shamba lisilo na paa la chuma, likivuta magogo kwenye mteremko, linaweza kuinuka mbele na kumlalia dereva kabla hajapata nafasi ya kuruka. Anayebadilisha matumizi ya mtambo aongeze kinga hizo kwanza, ndipo afikirie winchi.

Kuhusu kodi na ushuru, wanaoagiza wenyewe wafahamu kwamba Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Malighafi na mitambo ya uzalishaji kwa kawaida huangukia kwenye asilimia 0, lakini kinachoamua ni namba ya uainishaji wa bidhaa, si jina aliloliandika muuzaji kwenye ankara. Msumeno wa kiwandani, trekta na kipuri chake vinaweza kuwa katika namba tofauti kabisa. Kodi ya Ongezeko la Thamani ina masharti yake pekee. Ni busara kupata uainishaji kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla mzigo haujapakiwa melini, kwa sababu bandarini kila siku ya ubishi huongeza gharama za kuhifadhi.

Kwa mwananchi asiye na hati ya nyumba au kiwanja cha kuweka dhamana, upo utaratibu wa karadha, unaosimamiwa na sheria ya mwaka 2008. Kampuni ya karadha hununua mtambo na kumkabidhi mtumiaji, naye hulipa kwa awamu huku mtambo ukiendelea kuwa mali ya kampuni hadi malipo yakamilike. Mtambo wenyewe ndio dhamana. Faida hiyo ina upande wa pili: mtumiaji akishindwa kulipa, mtambo unaondoka, hata kama umebaki mwezi mmoja au miwili. Mkataba usomwe hasa sehemu inayoeleza ucheleweshaji, bima, na nani anagharimia matengenezo makubwa.

Ujuzi wa mwendeshaji hauji pamoja na mtambo. Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) cha Moshi hufundisha upasuaji na utunzaji wa misumeno, na Chuo cha Misitu Olmotonyi mkoani Arusha hufundisha taaluma ya misitu. Kwa wavunaji wa kusini, mafunzo ya muda mfupi hutolewa pia Mafinga, karibu na kazi zao.

Mwajiri, hata akiwa na vibarua watatu na msumeno mmoja, anabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi mshahara: kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, suruali yenye nyuzi za kunasa mnyororo, buti zenye ncha ya chuma, na glavu. Anapaswa pia kujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kibarua anayechukuliwa kwa siku moja kuangusha miti yuko katika hatari ileile ya mwenzake wa kudumu, na jina lake lisipokuwa kwenye kumbukumbu za mwajiri, familia yake ndiyo itakayopata taabu kuthibitisha kwamba alikuwa kazini.

Kumiliki mtambo hakumpi mtu haki ya kuvuna. Leseni ya uvunaji, alama ya nyundo kwenye magogo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kila kimoja kina masharti yake. Anayekusudia kukopa kwa ajili ya mtambo aanzie ofisi ya misitu ya wilaya, ajue atapata magogo kiasi gani na kwa muda gani, kisha aende benki akiwa na namba hizo mkononi.