Kamera ya Mitumba: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Ukipita Nyayo Gardens hapa Nakuru wikendi, huwakosi: wapiga picha wenye kamera shingoni, macho yakitafuta familia inayotaka picha ya ukumbusho. Wenzao wako Menengai kwenye ukingo wa kreta, wengine Ziwa Nakuru, na Safari Rally ikifika, safari ni ya Naivasha. Ukiwauliza walianza na kamera gani, si wengi watakwambia walinunua mpya dukani. Kamera ya mkono wa pili ndiyo mlango wa kazi hii.

Lakini kuna simu nyingine ambazo sisi hupokea kwenye huduma kwa wateja, na zote huanza karibu sawa: "Nimetuma pesa ya kamera, na sasa muuzaji hashiki simu." Leo tunataka tuzungumze kabla hujapiga simu kama hiyo.

Tuchukue mfano. Kijana wa Kaptembwo ameweka akiba ya shilingi 30,000. Jumamosi amepata kazi ya harusi Njoro, na amebanwa na muda. Jumanne usiku anaona tangazo kwenye mtandao: kamera safi, lenzi mbili, begi na chaja, shilingi 22,000. Muuzaji anasema yuko Eldoret. "Tuma elfu tano nikushikie, kuna mtu mwingine yuko njiani." Je, atume? Shika hilo swali, tutalirudia.

Kwa nini kamera hizi zimekuwa bei nafuu

Mwaka 2018 Canon na Nikon, makampuni mawili makubwa ya kamera, yalileta aina mpya zisizo na kioo kile kinachoruka ndani kila unapopiga picha. Tangu hapo wapiga picha wengi wanahamia huko na kuuza zile za zamani, zinazoitwa DSLR. Kwa hiyo kamera ya DSLR ya bei poa si lazima iwe na kasoro au iwe ya wizi. Nyingi ni nzima kabisa, mwenyewe ameendelea mbele tu.

Utazipata kwa wapiga picha wenzako wanaobadilisha vifaa, kwenye maduka ya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue kule Nairobi, kwenye mitandao kama Facebook Marketplace na Jiji, ambayo ilichukua OLX hapa Kenya mwaka 2019, na kwenye minada ya ng'ambo kama eBay. Mara moja moja hata kwenye meza ya mitumba, katikati ya redio na pasi za zamani. Kila njia ina bei yake na hatari yake.

Kagua kabla hujatoa simu mfukoni

Jina Nakuru, inavyosimuliwa, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mwenye kamera hapa Bonde la Ufa analijua vizuri hilo vumbi. Kule Naivasha wakati wa rally kuna lile laini kama unga, fesh-fesh, linaloingia hata pale ambapo hewa haiingii. Kwa hiyo kamera iliyofanya kazi hapa kwetu ikaguliwe namna hii:

1. Vumbi kwenye sensa. Sensa ni kile kipande kidogo ndani ya kamera kinachopokea picha. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, piga picha ya anga tupu, halafu ikuze kwenye kioo cha kamera. Madoa meusi ni vumbi. Vumbi husafishwa, hilo lisikutishe, lakini ni sababu ya kuomba bei ishuke. Mkwaruzo ni habari nyingine: huo hautoki.

2. Kuvu kwenye lenzi. Toa lenzi, ifungue tundu lake lote, umulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache. Hata ikisafishwa inaweza kuacha alama kwenye kioo.

3. Idadi ya picha ilizopiga. Hii ni kama kilomita za matatu. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila picha, lina maisha yake. Nikon D3200 ilipimwa kiwandani kwa mipigo 100,000, na D7000 kwa 150,000. Kupita hapo si kufa, ila unanunua gari lililotembea sana. Kwa Nikon, idadi huandikwa ndani ya faili la picha lenyewe: piga picha moja, isome kwa programu ya kusoma taarifa za picha. Kamera nyingi za Canon haziandiki hapo, inabidi kutumia kompyuta na programu maalum, kwa hiyo mwulize muuzaji akuonyeshe.

4. Mambo madogo yanayokula pesa. Nenda na memori kadi yako, piga picha hamsini hivi. Sikiliza kama lenzi inatafuta shabaha bila kukwama. Washa mwanga wa flashi. Bonyeza kila kitufe. Fungua mlango wa betri uangalie kama kuna kutu. Uliza kama chaja na betri ni za kampuni yenyewe, maana betri feki hufura na kukwama ndani.

Muuzaji akikataa usifanye haya, amekujibu tayari.

Je, ni ya mtu?

Kamera ni kitu kinachoibiwa sana kwenye sherehe na kwenye magari. Na hapa mnunuzi naye anaweza kuingia matatani. Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inasema mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya kutupa, muuzaji asiyejua kuiwasha kamera yake mwenyewe, na hadithi inayobadilika kila ukiuliza, yote hayo ni sababu ya kuamini.

Kila kamera ina nambari ya kipekee, mara nyingi chini ya mwili wake. Ilinganishe na ile iliyo kwenye boksi au risiti kama zipo. Ikiwa imekwaruzwa ikafutika, ondoka. Ikiwa iko sawa, andikeni karatasi fupi: tarehe, aina ya kamera, nambari yake, bei, majina na nambari za vitambulisho, sahihi mbili. Muuzaji wa halali hatakasirika. Naye pia inamlinda.

Sasa tuje kwa malipo

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia, na tuseme wazi: pesa ya simu ni kama pesa taslimu. Ikitoka, imetoka.

Watu wengi huamini kwamba biashara ikiharibika watatuomba turudishe pesa. Kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya makosa, kwa mfano umekosea tarakimu moja ukatuma kwa mtu usiyemjua. Hakukuwekwa kuamua nani mkweli kati ya mnunuzi na muuzaji. Na mpokeaji akishazitoa kwa wakala, hakuna salio la kuzuia. Tapeli anajua hivyo, ndiyo maana pesa haikai kwenye laini yake hata dakika kumi.

Kwa hiyo:

Usitume dipoziti kwa kitu ambacho hujakishika. "Pesa ya kushikilia", "pesa ya usafiri", "pesa ya kufungua mzigo", yote ni jina moja.

Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Tangazo linasema duka, jina linalokuja ni la mtu mwingine kabisa? Simama. Akikwambia "hiyo ni laini ya binamu yangu", simama zaidi.

Ukinunua dukani, lipa kwa nambari ya tili ya duka badala ya kutuma kwa laini ya mhudumu. Jina la biashara litabaki kwenye ujumbe wako, na risiti uidai pia.

Kamera ikija kama mzigo wa matatu, patana na muuzaji kwamba mtu wake au rafiki yako ataikagua kule inakotoka, na malipo yatafanyika kukiwa na mtu wa kukabidhi. Risiti ya mzigo iliyopigwa picha haithibitishi kwamba ndani kuna kamera. Inaweza kuwa tofali.

Kutana mahali penye watu, mchana: mkahawa, ndani ya benki, duka la wakala. Ukitembea na pesa kwenye simu badala ya noti umejilinda na wezi wa mfukoni, lakini PIN yako usiitaje wala usiiingize mtu akichungulia.

Ukinunua kwenye mnada wa ng'ambo

Mnada wa eBay unakuuliza kiwango cha juu unachoweza kulipa, halafu mfumo unapandisha bei kidogo kidogo kwa niaba yako mpaka kiwango hicho. Amua kiwango chako ukiwa umetulia, sio dakika ya mwisho moyo ukidunda. Maneno "untested" na "for parts" kwenye tangazo yasikupite: la kwanza linasema hakuna aliyeijaribu, la pili linasema ni ya kutoa vipuri.

Bei ya mnada pia si bei ya kufika Nakuru. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mizigo. Piga hesabu kabla ya kuweka dau. Lipa ndani ya mtandao wenyewe tu. Muuzaji akikuomba mmalizane pembeni, ulinzi wa mnunuzi umepotea. Na ukitumia wakala wa kukupokelea mzigo Marekani au Uingereza kisha autume huku, fahamu kwamba dhamana ya eBay haifuati mzigo uliotumwa tena kwenda anwani nyingine. Safari ya pili ni hatari yako.

Ukiwa wewe ndiye unauza

Matapeli hawabagui. Mnunuzi atakuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, au utaingia kwako kutoka nambari ya kawaida ukiwa umeandikwa vizuri kabisa. Usiangalie ujumbe, angalia salio lako. Kama salio halijaongezeka, kamera haitoki mkononi, hata kama boda yake inangoja nje.

Kama tayari umetapeliwa

Tupigie mara moja, kutoka laini ileile uliyotumia. Kila dakika ina maana ikiwa pesa bado iko. Usifute ujumbe wowote. Piga picha tangazo na mazungumzo kabla hajayafuta yeye. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB, maana uchunguzi huanzia hapo. Na usitume "kidogo tu" tena ili urudishiwe ya kwanza. Huo ni mtego wa pili.

Sasa turudi kwa yule kijana

Nauli ya kwenda Eldoret na kurudi haifiki shilingi 5,000. Kama kamera ipo kweli, Jumatano asubuhi anaweza kuwa ameishika mkononi, ameikagua, amelipa na yuko njiani kurudi. Kama muuzaji hataki aende, basi kijana amejua ukweli bure. Harusi ya Jumamosi? Akodishe kamera kwa mwenzake siku moja. Akiba yake itabaki, jina lake litabaki, na kamera nyingine itatangazwa wiki ijayo.

Yule "mtu mwingine aliye njiani" huwa yuko njiani kila siku. Mwache apite.