Hoteli Imejaa, Nani Ahamishwe?

Hoteli yenye vyumba 100 inapopokea oda 105 za usiku mmoja, si lazima iwe imekosea kuhesabu. Meneja anajua kwa uzoefu kwamba wapo watakaoahirisha dakika za mwisho na wapo watakaopotea bila hata kupiga simu, na chumba kilicholala kitupu leo hakiuziki kesho. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya siku inapogoma, wageni wote wakatokea.

Mara nyingi mapokezi huliona tatizo tangu alasiri. Hapo orodha ya wanaotarajiwa hupitiwa jina kwa jina. Mteja wa kudumu haguswi, wala mgeni wa kampuni inayoleta watu kila mwezi. Anayebaki ni yule aliyelipia usiku mmoja kupitia wakala wa mtandaoni, hasa akichelewa. Anaingia saa nne usiku, begi mkononi, mtoto amelala begani, anaambiwa samahani, tumejaa. Hoteli inayojiheshimu humtafutia chumba cha hadhi ileile kwingine, ikalipia usiku huo pamoja na teksi. Nyingine humrudishia pesa zake tu akahangaike mwenyewe.

Mashirika ya ndege nayo yalikuwa hivyo. Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, Julian Simon, alipendekeza abiria waulizwe nani yuko tayari kuacha kiti kwa malipo, na malipo yapandishwe mpaka apatikane. Miaka kumi baadaye, 1978, Marekani ikakubali utaratibu wa kutafuta wanaojitolea. Ulaya, Kanuni ya 261 ya 2004 inadai vivyo hivyo, na anayezuiwa kupanda bila ridhaa yake hulipwa yuro 250 hadi 600 kulingana na umbali. Ndege bado huuza viti kupita idadi, ila sasa anayefaidika ndiye anayebeba hasara. Fidia ni breki: ikiwa kumwondoa mgeni kunagharimu samahani tu, meneja hana sababu ya kuishia 105.

Wenye hoteli watasema abiria hukusanyika pamoja, ilhali wageni wao hufika mmoja mmoja. Ni kweli, lakini namba zao za simu zipo. Ujumbe wa saa tisa alasiri, wenye ahadi ya chumba jirani, usafiri na kifuta jasho, msafiri wa kikazi aliye peke yake anaweza kuukubali kwa furaha. Mama mwenye watoto ataukataa. Uzito wa usumbufu huo anaujua mgeni mwenyewe. Watasema pia kwamba wa kulaumiwa ni wasiotokea. Lakini wengi wa hao walitoa kadi na hukatwa malipo ya usiku wa kwanza. Chumba chao kikiuzwa tena, hoteli imelipwa mara mbili. Faida ya usiku kama huo ndiyo imfidie mgeni wa usiku mbaya.

Nafasi iliyothibitishwa ni mkataba, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia. Ila nani atafungua kesi kwa ajili ya usiku mmoja, naye kesho anasafiri? Kwa hiyo haki hiyo iandikwe mapema, kwenye ujumbe uleule wa kuthibitisha nafasi: ukifika ukakuta tumejaa, utalala wapi, utalipwa kiasi gani, na usafiri ni juu yetu.