Kabla hujalitupa gari la waya la mwanao

Asubuhi ya Jumamosi mama anafagia uani. Anakuta kopo lililokatwa, waya uliopindwapindwa, nusu ya ndala na vifuniko vinne vya chupa. Anavisukumia vyote kwenye shimo la taka. Mtoto akiamka analia kama amefiwa. Kwa mama ule ulikuwa uchafu, lakini kwa mtoto lilikuwa gari la mashindano lililobakiza usukani tu.

Kisa cha namna hii si kigeni Mkwaja, kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Malighafi huko haipungui. Bahari inatupa ufukweni ndala za kila rangi na chupa za plastiki, mnazi unatoa chelewa za kutengenezea mbavu za bodi, na dukani kwa Mangi kuna makopo matupu. Mfano wa kuiga nao upo, kwa sababu Mkwaja iko kwenye njia ya barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, inayojengwa kwa kiwango cha lami. Mtoto aliyeliona greda likipita leo, kesho analo la kwake la kopo.

Lakini gari linaloheshimiwa kuliko yote ni la mashindano. Afrika Mashariki ina historia nalo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jina la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, lilijulikana hata na watu wasiowahi kupanda gari. Tangu mwaka 2021 mashindano hayo yamerudi kwenye ubingwa wa dunia, kule Naivasha, na watoto wa sasa wanayaona kwenye simu za wazazi wao.

Huko Marekani kuna magari ya sprinti, madogo na mepesi, magurudumu yako nje na bawa kubwa liko juu ya kichwa cha dereva. Hushindana kwenye viwanja vifupi vya udongo, kama kile cha Knoxville, jimbo la Iowa. Wapo watu wazima, baba za watu, wanaoyaunda upya kwa udogo wa mara 24 au 25 bila kununua vipande vya kiwandani. Wanapinda waya wa fremu wenyewe, wanakata bawa kwa bati jembamba, wanarudia gurudumu moja mpaka likae sawa. Hao hakuna anayewaambia wanachezea taka.

Kichwa kinafanya nini

Angalia usukani. Gari la waya huendeshwa kwa fimbo au waya mrefu unaopanda kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kiuno, ili mwenye gari akimbie amesimama huku akikata kona. Ekseli hiyo hufungwa katikati tu. Ukiikaza sana gari halikati kona, na ukiilegeza magurudumu yanayumba. Mtoto wa miaka tisa hafundishwi hilo na mtu. Anafunga, anakimbia, gari linapinduka, anafungua, anafunga tena.

Kurudia huko ndiko wataalamu wa afya ya mtoto wanakokupigia debe. Mwaka 2018 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa ripoti inayowataka madaktari wahimize mchezo kwa wazazi, kwa kuwa unajenga uwezo wa kupanga, kujizuia na kuvumilia jambo linaposhindikana. Vidole navyo vinafanya kazi, na mkono uliozoea kupinda waya hautasumbuliwa na penseli.

Kuna hesabu pia, na hapa mzazi anaweza kuketi na mwanawe hata kwa dakika kumi. Kama gari halisi lina urefu wa mita 4 na la mtoto lina sentimita 40, basi limepunguzwa mara 10. Gurudumu la sentimita 60 linapaswa kuwa na sentimita 6. Akikata ndala kwa sentimita 10 atapata trekta, na wenzake watamwambia bila huruma.

Kisha gari likikamilika linakimbizwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka ahemee. Kukimbia nyuma ya gari la waya kutoka kisimani hadi nyumbani kunahesabika. Kwa wa miaka 2 hadi 4, shirika hilohilo linasema muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja, na ukiwa mdogo zaidi ni bora.

Haya yote yanawahusu pia mabinti. Mara nyingi kinachowanyima gari si kukosa hamu. Kaka yao anapopinda waya, wao wametumwa maji.

Pale penye hatari

Mama aliyefagia hakukosea kila kitu. Baadhi ya vitu anavyookota mtoto kweli havifai nyumbani, na hapo ndipo ukali wa mzazi unapohitajika.

Kibaya kuliko vyote ni risasi, si ya bunduki, bali madini yale mazito ya kijivu. Kwenye vijiji vya wavuvi huyeyushwa kutengeneza chubwi za nyavu na mishipi, na mara nyingine hutolewa kwenye betri za magari zilizokufa. Mtoto anayataka kwa sababu gari jepesi hupinduka, na kipande cha risasi kikiwekwa chini kinalituliza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hudhuru ubongo unaokua, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi nyingi kupita kiasi mwilini. Kwa kutuliza gari, mawe madogo au mchanga ndani ya kifuko vinatosha. Betri ya gari isipasuliwe uani, na makopo yenye rangi kuukuu inayobanduka yasikwanguliwe.

Pili ni moshi. Wapo watoto wanaochoma matairi au nyaya za umeme ili wabaki na waya mtupu. Moshi huo una sumu. Mnunulie waya wa kufungia nondo dukani, robo kilo tu, na utakuwa umemaliza ubishi.

Ukingo wa kopo nao hukata kama wembe. Mfundishe kuukunja kidogo kwa ndani na kuugonga kwa jiwe ulale. Kazi ya kukata bati ifanywe na mkubwa. Akijikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Usiweke majivu, udongo, kahawa wala dawa ya meno. Chanjo anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda ndani yake, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa jeraha refu kwenda ndani, au la kitu chenye kutu na uchafu, nenda zahanati siku hiyohiyo na kadi ya kliniki mkononi.

Vibetri vya mviringo vya saa na taa za kuchezea visikae kabisa karibu na mtoto mdogo. Kikimezwa kinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe, mkimbize hospitali. Vifuniko na magurudumu madogo pia viwe mbali na aliye chini ya miaka mitatu.

Na yatashindanishwa wapi? Lami ndiyo inayoteleza vizuri kuliko njia zote, na watoto wanalijua hilo kabla ya mkandarasi kuondoka. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Mtoto aliyeinamia usukani wa waya hasikii bodaboda ikija.

Watoto wa Mkwaja wana uwanja mwingine. Maji yakipwa, mchanga mbichi hubaki umebanana na kunyooka, gari halizami na hakuna lori. Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja wa kukaa pale juu, ayaangalie maji yanapoanza kujaa.