Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini: Kanisa la Mkunazini na Ujenzi wa Vigango Vyetu

Ukisali Misa ya Dominika wakati wa masika katika kigango chochote cha Kasulu au Kibondo, unajua kinachotokea mvua ikianza katikati ya mahubiri. Mabati yananguruma, padre anapandisha sauti, kisha anakata tamaa na kuanza Nasadiki. (Wapo waamini wanaoshukuru kimoyomoyo.) Ndiyo maana naanza na paa ninapotaka kueleza kanisa moja ambalo kila mseminari anayefika Unguja angefaa kuingia: Kanisa Kuu la Anglikana la Kristo, pale Mkunazini, Mji Mkongwe.

Si kanisa letu Wakatoliki. Lakini ni kanisa la parokia ya Kiingereza lililohamishiwa pwani yetu, na ndugu zetu Waanglikana wa huku Kasulu ni warithi wa mapokeo hayo hayo. Mpango wake ni wa zamani sana: ukumbi mrefu wa waamini, mlango upande mmoja, altare mwisho wa upande wa pili, na mnara wa kengele. Uingereza walizoea kuelekeza altare mashariki, jua linakochomoza, na kuweka kisima cha ubatizo karibu na mlango, kwa kuwa Ubatizo ndio mlango wa sakramenti nyingine. Anayeingia anatembea kutoka maji hadi meza. Mpango huo wenyewe ni katekesi, hata kwa asiyejua kusoma.

Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, na ujenzi ukasimamiwa na Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye mwaka uliofuata alikuwa askofu. Wengi tunamjua kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri za Kiswahili, wachache kama msimamizi wa mafundi. Kuta alizijenga kwa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Paa lilikuwa swali gumu zaidi, maana katika kisiwa chenye joto, unyevu na mchwa, mbao hazidumu. Aliamua kumwaga zege lenye vipande vya matumbawe, likapinda kama nusu ya pipa kutoka ukuta hadi ukuta. Husimuliwa kwamba watu walingoja lianguke. Kanisa lilikamilika mwaka 1879, na paa lingali juu.

Hapa fundi wa kwetu asikilize. Paa la namna hiyo halikandamizi kuta kwenda chini tu, linazisukuma nje pia, kama mtu anayetanua miguu kwenye utelezi. Kuta zisipokuwa nene, zinapasuka. Kosa hilo hilo linatokea kwetu chini ya mabati. Fundi anataka kanisa lionekane refu ndani, anaondoa boriti ya chini ya kenchi, ile inayofunga miguu miwili ya paa. Baada ya misimu michache ukuta wa tofali za kuchoma unaanza kuegemea nje, na nyufa zinashuka kutoka juu ya madirisha. Kabla ya kulaumu tofali au udongo, tazama juu. Boriti ya kenchi na mkanda wa zege unaozunguka kuta zote ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kujenga mara mbili.

Kuhusu nguzo za Mkunazini, inasimuliwa kwamba askofu alisafiri, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kichwa chini. Aliporudi, aliziacha. Mimi nazipenda kuliko kitu kingine humo ndani, kwa sababu zinaonyesha mikono ya waliojenga.

Na mahali penyewe palikuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Altare imesimama pale wanaposema palikuwa mti wa kuwafungia na kuwachapa watumwa. Humo pia umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ambapo chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ulibebwa na wafuasi wake Waafrika, akina Susi na Chuma, hadi Bagamoyo, ukalazwa katika kanisa la Mapadre wa Roho Mtakatifu Februari 1874. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kifo chake, Stanley alikuwa amemkuta Ujiji. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Uvinza na Tabora hadi Bagamoyo, kusini tu mwa vilima vyetu. Hivyo kati ya waliosimama kwenye soko lile walikuwapo watu wa pande zetu, na altare ile inatuhusu.

Nimeandika haya kwa sababu parokia nyingi za nyanda zetu zinabomoa makanisa ya kwanza ili kujenga makubwa. Mara nyingi ni lazima, watu wameongezeka. Lakini nilishuhudia mahali pamoja, sitapataja, kanisa la zamani likiangushwa kwa siku mbili bila mtu hata mmoja kupima kuta, kupiga picha, au kuwauliza wazee nani alibeba tofali zile kichwani kutoka bondeni. Kisima cha ubatizo kiliburutwa nje, kikawekwa maji ya kukorogea zege. Bibi mmoja aliyekuja kuleta chakula cha mafundi alisimama akakitazama. Alibatizwa humo, na watoto wake saba. Alimwomba fundi mkuu ampe akiweke nyumbani kwake, chini ya mwembe, na fundi akamjibu asubiri zege likauke kwanza.