Ichunguze Habari Kabla ya Kuipeleka

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, na hasa ninyi vijana wa vyuo vikuu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola wetu ametuamuru tuichunguze habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Tazameni: amri hiyo haikuelekezwa kwa mwenye kuzua uongo, bali kwa mwenye kuupokea.

Madhara ya kutochunguza yaliwapata jirani zetu wa Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, kabla ya alfajiri, hitilafu ya umeme ilileta mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa. Wakakanyagana, na wengine wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakajeruhiwa, na adui hakuwapo.

Ikiwa hofu ya bweni ilifanya hayo, je, hofu iliyoandikwa katika simu, inayofika mikoa yote kwa dakika moja? Mwaka 2020 WhatsApp iliweka kizuizi: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Lakini kizuizi cha mtambo hakishiki nafasi ya uaminifu wa moyo.

Mfikirieni mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam, apelekaye nyumbani kwao Kwa Mathias, Kibaha, habari ya dawa isiyojulikana asili yake. Mama yake hataulizia ilikotoka, atasema, "Mwanangu yuko chuo kikuu, anajua." Hapo elimu ya mtoto ndiyo inayoupa uongo heshima.

Basi, kabla ya kupeleka habari, ulizeni: nani aliisema kwanza, na lini? Habari ya mkopo itafuteni kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu yenyewe. Ya maradhi, kwa Wizara ya Afya. Isiyothibitika ifie mkononi mwako. Na aliyekwisha kuieneza, arejee kwa wale wale aliowapelekea, awaambie kuwa si kweli.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na mikono yetu. Amin.