Uhuru wa wazee ni shamba

Kila tarehe 1 Julai Burundi huadhimisha uhuru ilioupata kutoka kwa Ubelgiji mwaka 1962. Kwa vijana ni siku ya gwaride na hotuba. Kwa wazee walioishuhudia siku ile, maana yake ni nyingine.

Ukiwauliza, hawaanzi na bendera. Wanaanza na kiboko, kodi ya kichwa, kahawa iliyolimwa kwa lazima na barabara zilizochimbwa bila ujira. Kwao uhuru ulikuwa ahadi kwamba mtu hatapigwa tena mbele ya watoto wake. Humtaja pia Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, naye akauawa tarehe 13 Oktoba, kabla ya kuuona uhuru wenyewe.

Miaka 10 baada ya uhuru, mauaji ya 1972 yaliwafanya maelfu kwa maelfu kuikimbia nchi. Wengi walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu. Darasani tulifundishwa uhuru wa Tanganyika. Uhuru wa kwetu niliusikia kwa wazee jioni, na kila mara walimalizia kwa kutaja mlima waliotoka.

Mwaka 2014 takriban 162,000 kati ya watu hao walipata uraia wa Tanzania. Wengine, wakiwamo wazazi wangu, walikuwa wamekwisha kurudi Burundi. Wengi waliorudi walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekalia shamba kwa miaka 30, na kwa walioondoka 1972 miaka hiyo ilitimia 2002, wakiwa bado ugenini. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Wapo waliokubali kugawana, wapo waliokufa kesi haijaisha. Tena aliyelikuta shamba tupu naye sasa ni mzee, hana pa kwenda.

Ndiyo maana wazee hawa hawaulizi nani atahutubia uwanjani. Wanauliza watazikwa wapi, na wajukuu watalima wapi. Serikali yoyote inayotaka kuuenzi uhuru ianze na jibu la maswali hayo mawili, wakati wenye kuyauliza wangali hai.