Shahidi Aliyevaa Joho

Sisi watu wa pwani joho tunalijua kwa bwana harusi na masheikh. Huku Ikonge, upande wa Nyamira, joho ni la mahafali. Wazee hunionyesha picha za watoto wao katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, na sifa zote humpa chansela. Hapo hatupatani.

Chansela hakumsomesha mtoto. Kabla hajatunuku shahada husimama mkuu wa kitivo, akawainua wahitimu wake na kutamka mbele ya kadamnasi kwamba wametimiza masharti, kisha akaomba watunukiwe. Shahada, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ushahidi. Na shahidi ni huyu. Kwetu sheikh aliyemsikiliza mwanafunzi ndiye mwenye kumpa ijaza. Chuoni kazi imegawanywa: walimu hushuhudia, chansela hutoa.

Enzi za Kenyatta na Moi chansela alikuwa Rais mwenyewe, basi nani angemtazama mwalimu! Lakini jina ambalo kitivo hakikulipeleka kwenye seneti halimo kitabuni siku hiyo, hata kama huku Ikonge ng'ombe amekwisha chinjwa.